Tisa na Mkato: Kisa cha Modemu Iliyopungua Kasi Ofisini

Usuli

Kisa hiki kilianza Novemba 2002 katika ofisi ndogo ya mradi wa afya ya jamii, kwenye mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Majina ya mradi, mji na watu nimeyaondoa, na mambo madogo yasiyogusa ufundi nimeyabadili ili ofisi isitambulike. Mimi nilikuwa fundi wao wa kompyuta, nikiishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi.

Ofisi ilikuwa na laini moja ya simu ya waya wa shaba, kompyuta moja ya intaneti, na karani mmoja aliyeijua vizuri. Kila mwisho wa mwezi takwimu za zahanati zote za mradi ziliingizwa kwenye faili la Excel, nalo likatumwa kwa barua pepe makao makuu, Dar es Salaam. Oda ya dawa ya mwezi uliofuata ilitegemea takwimu hizo. Taarifa ikichelewa wiki, dawa nazo zinachelewa wiki, na zilikuwepo zahanati ambazo akiba yake haikuvumilia wiki ya ziada. Kwa hiyo modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, kwenda polepole pale haikuwa kero ya ofisi tu.

Kompyuta ilitumia Windows 98 na ilikuwa na modemu ya ndani, kadi ya PCI ya kiwango cha V.90 yenye chipu ya kampuni ya Conexant. Ni zile modemu ambazo watu walizoea kuziita "hamsini na sita". Kiwango cha V.90 kilitoka mwaka 1998: kwa nadharia modemu inapokea hadi biti 56,000 kwa sekunde na kutuma hadi 33,600. Kwenye laini za kawaida sijawahi kuiona 56,000. Ofisi hii ilikuwa ikiungana kwa 44,000 tangu nilipowafungia mwaka 2001, na namba hiyo niliiandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ubavuni mwa kompyuta. Bila kile kikaratasi, kisa hiki kingechukua miezi zaidi.

Simu ya kwanza, na jambo nililolisikia nisiulize

Wiki ya pili ya Novemba karani alinipigia. "Kaka, intaneti imekuwa nzito. Barua isiyo na kiambatisho inaenda, yenye kiambatisho inakaa mpaka simu inakatika."

Nilimuuliza kompyuta inaandika imeungana kwa kasi gani. Akasoma: 115,200. Akaongeza, kwa haki kabisa, kwamba namba hiyo ni kubwa kuliko ile ya kwenye karatasi, kwa hiyo kasi lazima iwe imeongezeka.

Namba ya 115,200 haihusiani na laini ya simu. Hiyo ni kasi ya mazungumzo kati ya kompyuta na modemu yake, ndani ya chumba kimoja. Windows 98 huionyesha pale modemu inapokuwa haijaambiwa kutoa taarifa ya kasi ya laini yenyewe. Nilimwelekeza afungue mipangilio ya modemu, aende sehemu ya nyongeza, aandike W2, kisha apige tena. Ikaja namba ya kweli: 26,400.

Katika kuhakikisha mipangilio yote, nilimwomba anisomee hata namba inayopigwa. Akasema: "Tisa, mkato, halafu namba ya mtoa huduma."

Nilisikia, nikaendelea na mengine. Nikamwongoza afute dereva ya modemu, yaani programu inayoiendesha, na kuipakia upya, kazi iliyotuchukua saa nzima kwenye simu. Kasi ikabaki 26,400.

Desemba: radi, na uamuzi wa kununua modemu mpya

Kwa walioko Nyanda za Juu Kusini, Desemba ni mwezi wa mvua na radi. Wiki ya kwanza ya mwezi huo radi ilipiga karibu na ofisi na kuunguza taa mbili za nje. Kuanzia hapo kasi ikawa inashuka na kuyumba: 24,000, siku nyingine 21,600, siku nyingine 19,200, na mawasiliano yakakatika baada ya dakika kumi au kumi na tano.

Niliamua kwamba modemu imepigwa na radi. Uamuzi ulikuwa na msingi wake. Waya wa simu huleta radi moja kwa moja ndani ya modemu, na nilikwishazika modemu nyingi kwa sababu hiyo. Modemu iliyopigwa radi si lazima ife kabisa. Huweza kuendelea kufanya kazi kwa unyonge. Nikanunua modemu ya nje yenye chipu ya familia ileile, ili amri zisibadilike, nikaifunga kwenye boksi na kuituma kwa basi.

Siku ya kwanza ilitoa 28,800, karani akafurahi na mimi nikafurahi. Ilikuwa siku ya tatu bila mvua. Siku mbili baadaye ikarudi 21,600. Fedha ya mradi ilikwenda pale ambapo hapakuwa na tatizo, na hilo bado linanikera.

Usiku wa taarifa ya Desemba

Mapema Januari karani alijaribu kutuma taarifa mara saba usiku mmoja bila kufanikiwa. Inafaa kueleza kwa nini, maana hesabu yake inafunua mengi.

Faili lilikuwa na ukubwa wa megabaiti 2. Barua pepe haibebi faili kama lilivyo; hulibadili kuwa herufi, na kwa mabadiliko hayo linaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo kilichotumwa kilikuwa karibu megabaiti 2.7. Kwa kasi ya 19,200, na laini ikiwa imetulia, hiyo ni kazi ya dakika kama ishirini. Laini yenyewe ilikuwa ikikatika kabla ya dakika kumi na tano. Na utumaji wa barua pepe haukumbuki ulipoishia: ukikatika kwenye asilimia 90, unaanza tena kutoka sifuri, na dakika zote zile zimeshalipiwa kwenye bili ya simu.

Usiku uleule, kwa simu ya jirani, nilimwelekeza karani aongeze amri ya AT+MS ili modemu isijaribu kabisa kupanda zaidi ya 16,800. Alishangaa: tunalalamikia kasi ndogo, nami namwambia aipunguze zaidi? Nilimweleza kwamba modemu ikiwa kwenye laini yenye makelele inafanya kama mtu anayekimbia kwenye utelezi. Inashika kasi kubwa, inateleza, inasimama kujipanga upya na modemu ya upande wa pili, inakimbia tena, inateleza tena. Kila kujipanga upya kunakula sekunde nyingi ambazo hakuna hata herufi moja inayopita, na kukizidi, simu inakatwa. Tukiishikilia kwenye kasi ambayo laini inaimudu, itatembea bila kuanguka.

Taarifa ilikwenda kwa jaribio moja, karibu dakika 25. Mawasiliano hayakukatika.

Kufanikiwa huko ndiko kulikoniondoa kwenye dhana ya modemu. Modemu mbili tofauti zilikuwa na dalili zilezile, na zote mbili zilitulia zilipopunguziwa kasi. Kilichobaki ni waya. Nikakata tiketi.

Ziara ya Januari

Nilifika jioni, mvua ikinyesha. Getini nilimwamkia mlinzi, mzee aliyekaa pale miaka mingi kuliko mradi wenyewe. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya simu alisema, "Simu ile? Mvua ikinyesha inakoroma. Hata mama mratibu huwa anatoka nje na simu yake ya mkononi."

Ofisi nzima walijua. Nilikuwa nimekaa miezi miwili nikiuliza habari za dereva na mipangilio, na sikumuuliza mtu yeyote kama simu ya kawaida inasikika vizuri.

Ndani nilikuta jambo la pili. Kwenye ukuta wa mapokezi palikuwa na boksi jeupe ambalo sikuwa nimeliona mwaka 2001. Ilikuwa PABX ndogo, mtambo wa kugawa laini moja kwa vyumba kadhaa, iliyofungwa Oktoba ili mapokezi, chumba cha wauguzi na ofisi ya mratibu vyote viwe na simu. Ukitaka kupiga nje unabonyeza tisa, unasubiri kidogo, kisha unapiga. Ndiyo ile "tisa, mkato" niliyosomewa Novemba. Mkato ni amri ya kuiambia modemu isubiri. Laiti ningeuliza tu, "Hiyo tisa imetoka wapi?", safari hii ingefanyika miezi miwili mapema.

Usiku ule sikugusa kompyuta. Nilichukua simu ya kawaida, nikabonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, nikasikiliza. Kulikuwa na mkwaruzo wa kuja na kwenda kama mafuta yanayokaangwa, na chini yake mvumo mzito wa umeme.

Jaribio la kwanza: kuiruka PABX

Asubuhi nilichomoa waya unaoingia PABX nikauchomeka moja kwa moja kwenye modemu, nikafuta ile tisa na mkato wake, nikaondoa pia kile kizuizi cha 16,800. Iliungana kwa 37,333. Nikarudisha kupitia PABX: 26,400. Nikaondoa tena: 37,333. Nikarudisha tena: 24,000. Nilirudia makusudi, kwa sababu kwenye laini inayoyumba jaribio la mara moja linaweza kukudanganya kabisa.

Namba hizi zina lugha yake, na hii ndiyo sehemu ninayotamani kila fundi wa modemu aijue. Kiwango cha zamani, V.34, kinapanda kwa hatua za 2,400: 19,200, 21,600, 24,000, 26,400, 28,800, 31,200, na mwisho 33,600. V.90 inaanzia 28,000 na kupanda kwa hatua za 1,333 na kidogo: 29,333, 37,333, 44,000, 45,333 na kuendelea. Hakuna namba inayopatikana kwenye ngazi zote mbili. Kwa hiyo ukiona 26,400 au 28,800 huhitaji kujiuliza kama V.90 imepungua nguvu. V.90 haipo kabisa. Modemu imekata tamaa na kurudi kwenye kiwango cha zamani.

Na V.90 huondoka kwa sababu mahususi. Inafanya kazi kwa sharti moja: kutoka kwa mtoa huduma mpaka kwako, mawimbi yabadilishwe kutoka tarakimu kuwa sauti mara moja tu, kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Mtoa huduma anaingia kwenye mtambo kwa laini ya kidijitali, mtambo unageuza kuwa sauti, sauti inatembea kwenye shaba mpaka kwako. Ukiweka katikati kifaa chochote kinachogeuza sauti kuwa tarakimu na kuirudisha tena kuwa sauti, sharti limevunjika. PABX ile ilikuwa ya kidijitali kwa ndani. Kwa sauti ya mtu haina madhara yoyote. Kwa V.90 ni ukuta.

Karatasi yangu ilisema 44,000. Novemba ilisema 26,400. Jibu la nusu ya tatizo lilikuwa ndani ya namba hizo mbili tangu siku ya kwanza.

Jaribio la pili: kuitenga nyumba na barabara

Hata bila PABX, 37,333 haikuwa 44,000, na mawasiliano bado yalikuwa yanasimamasimama. Baada ya dakika kumi nilikata, nikafungua HyperTerminal, programu ya kuandikia modemu amri, na kutoa amri ya AT&V1, ambayo kwenye modemu za chipu hii hutoa taarifa ya simu iliyopita. Modemu ilikuwa imejipanga upya mara sita.

Nilikwenda mahali ambapo waya wa kampuni ya simu unaingia kwenye jengo, chini ya paa. Hapo ndipo mpaka ulipo: ndani ni wa mwenye nyumba, nje ni wa kampuni. Nilitenganisha nyaya zote za ndani na kufunga simu moja tu pale pale mpakani. Mkwaruzo ulikuwepo vilevile. Nilipima volti simu ikiwa imewekwa chini. Kwa kawaida hutegemea kuona kama 48, hapa nilipata 44 zilizokuwa zikiyumba. Umeme ulikuwa ukivuja mahali fulani njiani, na njia hiyo ilikuwa nje. Anayefanya kipimo hiki akumbuke: simu ikiingia wakati umeshika nyaya tupu, volti za mlio zinapanda juu zaidi ya hapo na zinauma. Mwambie mtu asipige.

Nguzo si eneo langu, sikupanda. Mama mratibu akaandika barua kwa kampuni ya simu, karani akaipeleka mwenyewe.

Siku ya jua

Fundi wa kampuni alikuja siku ya nne. Kulikuwa na jua kali tangu jana yake, na laini ilikuwa safi. Alisikiliza, akanigeukia kwa upole: "Mwanangu, simu hii inasikika vizuri."

Alisema kweli. Kwa kipimo chake laini ilikuwa nzima, maana wajibu wake ni sauti, na sikio la mtu linavumilia makelele ambayo modemu haiwezi kuyavumilia. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Ndiyo mzee, leo inasikika," nikamwonyesha logi ya modemu, faili ambalo Windows ilikuwa imeandika kila simu ya modemu, na tarehe na kasi yake. Tulikaa na karani na mlinzi tukapitia siku baada ya siku: hapa mvua ilinyesha, hapa hapakunyesha, hapa ilikuwa manyunyu. Kasi ilikuwa inashuka na mvua na kupanda na jua kwa wiki nane. Mzee alisoma kimya, akachukua ngazi.

Kisanduku cha nguzoni kilikuwa na mfuniko usiofunga vizuri. Ndani, maungio ya laini yetu yalikuwa yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, shaba ikiwa imeota kutu ya kijani. Maji yakiingia, nyaya mbili zinaanza kuvujiana. Jua likikausha, zinatengana. Alikata mpaka kwenye shaba safi, akatumia viunganishi vyenye grisi ndani yake, akatuhamishia kwenye pea nyingine ya kebo iliyokuwa haina mtu, kisha akabadilisha kiungio cha chini ya paa. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Tulipata 45,333. Mvua iliyofuata, 44,000. Volti zilisimama kwenye 49.

Uamuzi kuhusu PABX

Hapa palikuwa na maslahi mawili ya haki yanayogongana. Wauguzi walihitaji simu chumbani kwao. Kabla ya Oktoba mgonjwa akipelekwa rufaa walikuwa wanakimbia uwanja mzima kwenda kupiga. Kuing'oa PABX kwa ajili ya kompyuta kusingekuwa sawa. Laini ya pili ingekuwa jibu zuri, ila ilihitaji maombi, kusubiri na bili nyingine ya kila mwezi.

Tulichagua njia ya kati: swichi ya kuchagua, iliyowekwa kabla ya PABX. Upande mmoja laini inaenda PABX, upande wa pili inaenda modemu moja kwa moja. Faida yake ya ziada ni kwamba modemu ikiwa kazini hakuna mtu wa chumba kingine anayeweza kunyanyua simu na kuivuruga. Hasara yake ni kwamba wakati huo hakuna anayeweza kupiga wala kupigiwa. Mama mratibu aliamua mwenyewe saa za intaneti: saa moja asubuhi, kabla ya wagonjwa kuwa wengi, na saa kumi na moja jioni. Dharura ikitokea, muuguzi anageuza swichi bila kuomba ruhusa. Kanuni hiyo ya mwisho aliiandika kwa mkono na kuibandika juu ya swichi.

Matokeo

Taarifa ya Januari ilikwenda kwa chini ya dakika tatu. Lakini nisingependa msomaji aamini kwamba ni 45,333 iliyofanya hivyo, kwa sababu sivyo.

Namba inayoonekana kwenye skrini ni kasi ya kupokea. V.90 haibadilishi kutuma. Kutuma kunabaki kwenye njia za V.34, mwisho 33,600. Shida ya ofisi hii ilikuwa kutuma. Baada ya matengenezo kasi ya kutuma ilikuwa 28,800 hadi 31,200, na jambo kubwa halikuwa hiyo namba bali kwamba ilisimama, bila kujipanga upya hata mara moja kwa simu nzima. Kilichomalizia ni kulifunga faili kwa zip kabla ya kulituma. Faili la Excel lililojaa safu za tarakimu hubanika sana: megabaiti 2 zikawa kama kilobaiti 400. Hatua hiyo haikuhitaji fundi wa nguzo, safari wala fedha, na ningeweza kuitaja kwenye simu ya kwanza ya Novemba.

Kurasa za tovuti za nje ziliendelea kuwa nzito. Mwaka 2003 Afrika Mashariki ilikuwa bado haijafikiwa na kebo za chini ya bahari. Ya kwanza kufika Dar es Salaam na Mombasa ilikuja 2009. Watoa huduma walitegemea setilaiti, ambako kila ombi huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na njia yenyewe hugawanywa kwa wateja wengi. Nilimweleza mama mratibu hivyo waziwazi, ili asije akamlaumu karani au kunitaka ninunue modemu ya tatu.

Uchambuzi

Ugumu wa kisa hiki ulitokana na hitilafu mbili kukaa juu ya laini moja kwa wakati mmoja, kila moja ikiificha nyenzake. PABX ilifungwa Oktoba na kushusha kasi kwa kishindo, mara moja, kutoka ngazi ya V.90 kwenda V.34. Unyevu ulianza na mvua za Novemba na ukawa unashusha kidogokidogo, kwa kuyumba. Aliyetazama jumla aliona "kasi imepungua". Aliyetazama namba moja moja kwa tarehe angeona maumbo mawili tofauti: anguko moja la ghafla lisilorudi, na mawimbi yanayofuata hali ya hewa. Hata ningeondoa PABX peke yake Novemba, ofisi ingepata nafuu ya wiki mbili kisha ingenipigia tena, nami ningedhani nilikosea.

Radi ilinipoteza kwa sababu ilikuwa maelezo mazuri yaliyokuja kwa wakati. Kulikuwa na tukio, kulikuwa na mabadiliko, na nilikuwa na uzoefu wa modemu zilizoungua. Nilichokosa ni kupima wazo langu kabla ya kulilipia. Kipimo kilikuwepo na kilikuwa cha bure: karani angechukua kompyuta kwa dakika kumi kwenye nyumba ya jirani mwenye laini, apige namba ileile. Ingetoa 40,000 na zaidi pale, modemu ingekuwa imeachiwa huru.

Suala la mlinzi linaniumiza zaidi. Mafundi wa kompyuta tunaongea na anayetumia kompyuta. Lakini kifaa kilichokuwa kinaumwa kilikuwa simu, na wanaoijua simu ni mapokezi, wauguzi, na mzee anayekaa getini usiku na kusikia wenzake wakipiga kelele ili wasikike. Tangu hapo swali langu la kwanza, kabla ya lolote la kompyuta, ni kama sauti ya simu iko safi, na la pili ni nini kimebadilika ndani ya jengo tangu siku ilipokuwa nzuri.

Kuhusu kupunguza kasi kwa makusudi, naiona kama hatua iliyofaulu, ila iliyo na hatari yake. Iliokoa oda ya dawa ya mwezi mmoja. Lakini ikiachwa pale inageuka kuwa dawa ya maumivu inayoficha jipu: ofisi ingezoea 16,800, na maungio yale ya nguzoni yangeendelea kuoza mpaka hata sauti ikatike. Nilimwambia karani tangu usiku ule kwamba ni ya muda, na tarehe ya kuiondoa tukaiandika pamoja.

Kumbukumbu ndizo zilizobeba kesi hii yote. Karatasi ya 2001 ilionyesha V.90 iliwahi kupita kwenye laini ile, kwa hiyo mtambo na umbali havikuwa tatizo. Logi ya modemu ilimpandisha fundi ngazi siku ya jua, jambo ambalo maneno yangu yasingeweza.

Kabla ya kuondoka nilimwachia karani daftari lenye safu nne: tarehe, kasi, mvua ipo au haipo, maoni. Mvua za Novemba 2003 zilipoanza, aliona 44,000 ikiwa 40,000, kesho yake 36,000. Hakunipigia mimi. Alikwenda na daftari kwa yule mzee wa kampuni ya simu, wakakuta mfuniko wa kisanduku cha nguzoni umefunguka tena, akaufunga kwa waya. Nilizipata habari hizo mwezi uliofuata, kwenye barua pepe iliyokuja na taarifa ya Novemba.